Ee ya Mzee Kalinga

Tupokigwe alikuwa na sauti ambayo mama yake, huko Tukuyu, aliisifia kanisani na kuilalamikia nyumbani. Ilikuwa sauti ya kupita ukutani. Kwa hiyo Uchukuzi Nyanda, kampuni ya malori, walipotafuta mtu wa kukaa na redio ya mawasiliano katika ofisi yao ndogo ya Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu, msichana yule mrefu mwenye mwanya hakusumbuka sana kujieleza. Alisema "Shikamoo" mlangoni, na meneja, Bwana Gideoni, aliyekuwa chumba cha pili na mlango umefungwa, akaitikia "Marahaba."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Viazi vya Uporoto, pareto ya milimani na mpunga wa bonde la Usangu vilikaa kwenye maghala vikisubiri malori. Malori yote yalilala Iringa, kwenye makao makuu. Kila asubuhi kila kituo kilipewa nusu saa hewani kuiambia Iringa ni mzigo gani uko wapi. Njombe kwanza, kisha Makambako, kisha Mbeya. Ghala lililotajwa lilipata lori. Ghala ambalo halikutajwa lilingoja kesho. Simu ya posta ilikuwapo, lakini aliyetaka kuitumia kufika Iringa alishauriwa aje na chakula chake.

Upande wa Iringa, mwenye redio alikuwa Mzee Ambrosi Kalinga. Tupokigwe hakuwa amemwona hata siku moja. Aliijua sauti yake tu, sauti nzito ya chini iliyotoka kwenye sanduku lile la kijani kama gunia linaloburutwa juu ya sakafu ya mbao.

"Iringa, Iringa, hapa Mbeya. Shikamoo, baba. Ova."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Umeamkaje? Ova."

"Nimeamka salama, baba. Ninazo habari za maghala. Ova."

"Ee. Ova."

"Kwanza ni Uyole, baba. Ova."

"Ee. Uyole. Ova."

"Kuna viazi. Ova."

"Ee. Viazi. Ova."

"Vimeanza kuchipua, baba. Ova."

"Ee! Poleni. Ova."

Hivyo ndivyo walivyozungumza, na hakuna aliyeona kasoro yoyote. Tupokigwe alikuwa binti aliyelelewa. Mtu mzima unamwambia jambo kipande kimoja, unanyamaza, unangoja aitikie "ee", ndipo unaongeza kipande kingine. Ukimmwagia yote kwa pamoja, unakuwa kama unamtupia kuku mtama. Na Mzee Kalinga naye alikuwa mtu mzima aliyelelewa. Mtoto akisema nawe, unaitikia kila anapovuta pumzi, asije akadhani umelala. Ila kwenye redio ile hamkuweza kusema wote wawili kwa wakati mmoja. Ilibidi ubonyeze kitufe ndipo useme, umalize kwa "ova", ukiachie ndipo usikie, na mtambo wa Iringa ulikuwa na kigugumizi: kila ulipogeuzwa kutoka kusikia kwenda kusema ulikwaruza, ukakohoa, ukatulia, ndipo "ee" ikatoka. Nusu saa ya Mbeya ilikwisha wakiwa bado Uyole.

Jambo lililowachanganya watu ni kwamba kutoka Iringa kuja Mbeya maneno yalimiminika kama maji ya bomba. Kutoka Mbeya kwenda Iringa yalidondoka kama asali wakati wa baridi.

"Haiingii akilini," Bwana Gideoni alisema, huku akizunguka meza. Alikuwa mtu mwembamba mwenye wasiwasi mnene. "Kusikia, tunasikia kama tuko naye jikoni. Kusema, tunasema kama tuko chini ya kisima. Njia si ni hiyohiyo moja?"

"Labda kwenda ni mlima, kurudi ni mteremko," Tupokigwe alisema.

Bwana Gideoni aliifikiria hoja hiyo kwa uzito kabla ya kugundua kuwa anataniwa.

Masika yalipokuwa yanakaribia, agizo lilikuja. Mzee Kalinga alilisoma mwenyewe, kwa pumzi moja, na kila kituo kililisikia kwa sababu hewa ilikuwa ya wote: "Kutoka kwa Meneja Mkuu kwenda Mbeya. Kituo chenu kimeshindwa kutoa taarifa zake kwa wakati msimu mzima. Msipoweza kumaliza taarifa zote ndani ya nusu saa yenu hadi mwisho wa wiki ijayo, mtambo utahamishiwa Makambako na kazi ya mtumaji wa Mbeya itakuwa imekwisha. Mwisho wa ujumbe. Pole, mwanangu. Ova."

Habari ile mbaya ilifika bila kukwama hata mara moja.

Tupokigwe alikaa akiutazama mtambo. Huko Tukuyu mama yake alikuwa ameshamwambia kila mwenye masikio kuwa binti yake "anaongea na Iringa". Shangazi yake, aliyekuwa mchuma chai, alijibu kwamba msichana anayeongea na sanduku mwisho wake ni kuongea peke yake, na kikapu chake cha chai kipo, kinamngoja. Tupokigwe hakuwa na ugomvi na chai. Lakini alikuwa amezoea kuona neno lake likitoka pale Iyunga na lori likaja kulifuata kutoka mbali. Hakuwa tayari kulibadilisha hilo kwa kikapu cha shangazi.

"Tutapigana," alimwambia Bwana Gideoni.

"Na nani?"

"Hilo ndilo bado sijalijua."

Walianza na fundi. Magesa alikuwa fundi wa redio aliyevaa ovaroli hata siku ya kupumzika, na aliamini kuwa kila tatizo duniani ni la waya au ni la betri. Akabadilisha betri. Akapandisha waya wa angani juu ya mkaratusi, akaushusha, akaupandisha juu ya mkaratusi mwingine. Alipoona asali bado ni ileile, aliunyoshea kidole mlima Loleza.

"Ni huyo," alisema. "Anakaa katikati."

"Mbona sauti ya Mzee Kalinga inapita?" Tupokigwe aliuliza.

"Ya mwanamume ni nzito. Inapita chini chini."

"Basi sogeza mlima, fundi. Mimi sauti nimeshapewa hii."

Magesa akakusanya koleo zake na kuondoka bila kuchukua chai.

Bwana Gideoni alijaribu njia yake, nayo ilikuwa kupaza sauti. Alimtaka Tupokigwe asimame juu ya kiti. Asubuhi ile Iyunga yote ilipata habari za viazi vya Uyole, abiria wa basi lililosimama barabarani wakashuka kuulizia bei, na Mzee Kalinga akaomba kwa upole: "Mwanangu, nakusikia. Hata nikitoka nje nakusikia. Ova."

Kisha akaja Nkuba.

Nkuba alikuwa Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, akaongeza mashamba ya mpunga, na sasa mpunga huo ulikuwa umejaa ghala la Igurusi hadi kwenye paa. Paa lenyewe lilivuja. Igurusi ilikuwa ya mwisho katika taarifa za Mbeya, kwa hiyo haikuwahi kutajwa. Nkuba alikuwa amekwisha kuja ofisini mara nyingi kiasi kwamba alikuwa na kiti chake.

"Binti, mbona unaogopa kusema?" aliuliza. "Nipe mimi hicho kidude. Nimeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, watu wa Iringa watanishinda?"

"Bwana Nkuba, hairuhusiwi," alisema Bwana Gideoni.

"Mvua nayo hairuhusiwi kuingia ghalani, lakini itaingia."

Tupokigwe alimpa. Alitaka kuona.

Nkuba alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mwangaluka!" alisalimu kwa Kisukuma. Kisha akangoja.

"Sema ova," Tupokigwe alimnong'oneza.

"Ova!"

Kule Iringa mtambo ulikohoa. "Kamwene. Ni nani mwenzangu huyo? Ova."

"Mimi Nkuba, wa Usangu. Na wewe ni nani? Wa ukoo gani? Ova."

"Ee! Mimi ni Kalinga, wa huku huku Iringa. Wewe umetokea wapi kuja Usangu? Ova."

"Shinyanga! Unapajua? Ova."

"Nilipita zamani, kijana bado. Kuna joto. Ng'ombe hawajambo? Ova."

"Hawajambo! Na wako? Ova."

Waliulizana habari za ng'ombe, za watoto, za mvua ya mwaka jana ikilinganishwa na ya mwaka huu, na za rafiki mmoja wa Mzee Kalinga aliyewahi kuuziwa beberu mgonjwa mnadani. Bwana Gideoni alikuwa ameshika kichwa. Nusu saa ilipokwisha, Nkuba alirudisha kipaza sauti, uso unang'aa.

"Mtu mzuri sana yule," alisema.

"Umemwambia habari za mpunga?" Tupokigwe aliuliza.

Nkuba alirudi kwenye kiti chake. "Ningeanzaje?" alisema. "Ndiyo kwanza tumejuana."

Tupokigwe alicheka mpaka akafuta machozi, lakini alipoacha kucheka alibaki na swali. Nkuba alikuwa na sauti nzito, waya mpya, betri mpya, na mpunga unaolowa. Bado hakufika Igurusi. Kwa hiyo haikuwa mlima.

"Bwana Meneja," alisema, "mdomo wetu tumeupima kote. Sikio lao hatujaliona. Kuna lori linarudi Iringa kesho."

Bwana Gideoni alimruhusu, nusu kwa matumaini na nusu kwa hamu ya ukimya.

Akafika Iringa jioni ya Ijumaa, vumbi la Mafinga limemkaa nyusini. Kwa sauti ile ya gunia alitarajia kukuta mtu mkubwa kama kabati. Aliyempokea alikuwa mzee mfupi, nadhifu, mwenye kofia ya pama na nywele nyeusi kupita kiasi. Ofisini walinong'ona kuwa ni rangi ya viatu. Mzee Kalinga alikuwa karibu na kustaafu na hakupenda jambo hilo litajwe. Wenzake walimwita "Kijana", naye alikuwa akiitika haraka.

"Kumbe ndiye wewe!" alisema. "Nilidhani u mfupi."

"Na mimi nilidhani u mrefu, baba."

"Tumepunjwa wote. Utalala kwetu. Mama Edmund amekwisha weka maji ya kuoga."

Jumamosi asubuhi Tupokigwe alikaa pembeni mwa Mzee Kalinga na kusikiliza. Aliyekuwa na kipaza sauti kule Mbeya ni Bwana Gideoni, na sauti yake ilifika safi. Alisikika mpaka akimeza mate. Hewa haikuwa na tatizo. Masikio ya mzee hayakuwa na tatizo. "Uyole, mzee, ova," alisema Bwana Gideoni. "Ee, ova," alisema Mzee Kalinga. Na muda ukaisha. Kabla yao alikuwa ameingia Anania wa Makambako, kijana wa Kingoni na kwa hiyo mtani wa Wahehe kama mzee, akamwita Mzee Kalinga mla mbwa, akamwaga taarifa zake zote huku mzee akicheka na kuandika, akamaliza, akaaga kwa tusi jingine. Siku zote Tupokigwe alidhani ni kwa sababu Makambako ni karibu.

Jibu lilimjia Jumapili, mezani, akiwa na tonge mkononi.

Walikuwa wametoka kanisani. Mama Edmund, yaani Benedicta, mke wa Mzee Kalinga, alikuwa amepika ugali na kuku, na mtoto wao mkubwa, Edmund, alikuwa amekuja kutoka Dodoma alikofanya kazi. Edmund alikaa wima mbele ya baba yake kama mtu anayepigwa picha.

"Safari, baba," alisema, akanyamaza.

"Ee," alisema Mzee Kalinga.

"Ilikuwa njema."

"Ee."

"Ila pale Mtera."

"Ee, Mtera."

"Basi lilipata pancha."

"Ee! Poleni."

Tonge la Tupokigwe lilisimama njiani. Aliusikia ule muziki. Hapakuwa na redio, hapakuwa na mlima, hapakuwa na waya. Baba na mwana walikuwa wametenganishwa na sahani ya mchuzi, na bado safari ya Dodoma ilikuwa inachukua muda mrefu kuliko basi lenyewe.

Hapo mlango ukapigwa teke. Akaingia Kalista, binti wa Edmund, aliyesoma darasa la sita kwenye shule ya misheni kule Tosamaganga. Hakukaa. Aliliegemea bega la babu yake, akachukua paja la kuku kwenye sahani ya mzee na kuanza.

"Mume wangu, wewe unakula kuku na mkeo ninapauka, viatu vimetoboka, sista amesema Jumatatu nisije bila viatu, na Juliana ameiba kalamu yangu, na sweta limebanwa na mlango likachanika huku, na mwalimu wa hesabu anakusalimu anasema ulimuahidi mbegu za alizeti, na tumeambiwa tulete ufagio, na mimi sili maharage ya shule tena, kwa hiyo unipe karanga, si zile za mwaka jana zenye ukungu, mpya!"

Mzee Kalinga hakusema "ee" hata moja. Alikuwa anatafuna taratibu, macho yamefumba nusu. Mtoto alipomaliza, alimeza na kusema: "Viatu, kalamu ya Juliana, sweta, alizeti za mwalimu, ufagio, karanga. Na paja langu urudishe, mke mbaya wewe."

Hakuacha hata moja.

Tupokigwe alimtazama Edmund, aliyekuwa bado yuko Mtera. Alimtazama Kalista, aliyekuwa amekwisha maliza na anatafuna. Kisha alikumbuka Anania na tusi lake. Mtani hangoji kuitikiwa, wala mjukuu hangoji. Anayengoja ni mtoto, na yeye kila asubuhi ya Mungu alikuwa anafungua redio kwa kusema "Shikamoo, baba."

Baada ya chakula alimfuata Benedicta jikoni na kumweleza yote. Benedicta alikuwa mama mnene mwenye kicheko kilichoanzia magotini. Alicheka mpaka mwiko ukaanguka.

"Kwa hiyo unataka kuolewa na mume wangu?"

"Kwa nusu saa tu, bibi. Kila asubuhi."

"Jumapili pia?"

"Jumapili abaki wako."

"Ni bei nzuri." Benedicta aliokota mwiko. "Lakini hatakubali. Ofisini hataki kusikia neno babu. Huku nyumbani anavumilia, ila akishavaa ile kofia yake anakuwa na miaka thelathini. Utamwita babu mbele ya vituo vyote?"

"Nikimwita faraghani haitasaidia, bibi. Kazi ni ya hewani."

"Basi jaribu. Akileta ubishi, niachie mimi. Jumanne nitampelekea uji."

Jumatatu Tupokigwe alirudi Iyunga. Jumanne asubuhi Nkuba alikuwa kwenye kiti chake, na Bwana Gideoni alikuwa amesimama mlangoni akitafuna kucha. Tupokigwe hakuwaambia mpango wake. Kumdharau mtu mzima ni jambo moja. Kumdharau mbele ya Nyanda za Juu zote ni jingine, na kama Mzee Kalinga angeudhika, hapangebaki hata Uyole. Zamu ilifika. Alibonyeza kitufe.

"Iringa, Iringa, hapa Mbeya. Shikamoo, babu. Ova."

Bwana Gideoni aliacha ukucha.

"Mbeya, sijakupata vizuri. Rudia. Ova."

"Nimesema shikamoo, babu. Babu Kalinga, mume wangu, ambaye nywele zake ni nyeusi kuliko zangu. Ova."

Kabla Iringa haijajibu, sauti nyingine ilipenya, nyembamba na yenye furaha. "Iringa, hapa Makambako! Mimi nimempata vizuri sana, babu! Ova!"

"Makambako, toka! Si zamu yako!" Mtambo ulikohoa kwa hasira. "Mbeya, binti, una homa? Mimi ni baba yako kwa heshima. Huo ubabu umeutoa wapi? Ova."

Tupokigwe alifumba macho. "Nimepewa na mke wako mkubwa. Geuka nyuma umwulize, anakuja na uji. Ova."

Nkuba alikuwa amesimama. Kisha redio ikakwaruza na sauti ya mwanamke ikajaza ofisi. Benedicta hakuwahi kushika kipaza sauti maishani, na alipokishika hakukumbuka kukiachia.

"Mke mwenzangu, hujambo! Ni kweli nimekupa, nimekupa mchana kweupe, na wanaosikia wasikie, hata huko Njombe! Huyu mzee ana wajukuu saba na wa nane yuko njiani, na kofia haihesabu. Ninyi huko mna vyakula vinaoza, yeye huku anaitikia ee, ee, kama mlango wenye kutu. Ambrosi, mwache mtoto aseme. Kunywa uji. Hiki kitu kinazimwaje?"

Hadi kilipozimwa, Bwana Gideoni alikuwa ameketi sakafuni.

Sauti ya Mzee Kalinga iliporudi ilikuwa imebadilika. Kwa mara ya kwanza gunia lile lilikuwa linacheka.

"Haya, mke mdogo. Nimeozeshwa bila kuulizwa. Sema shida zako. Ova."

"Sikiliza sasa, mume wangu mzee, na usiseme ee. Ukisema ee hata moja nakurudisha kwa Benedicta ukiwa na njaa. Nina mambo sita. Hesabu kwa vidole. Ukiona kidole kimebaki kitupu, utaniambia mwisho. La kwanza, Uyole, viazi, malori mawili, vimechipua, vije kuchukuliwa leo. La pili, Uporoto, pareto, lori moja lenye turubai zima, si lile la mwezi uliopita lenye dirisha. La tatu, Igurusi, mpunga wa Bwana Nkuba, malori matatu, paa linavuja. La nne, Mbalizi, mahindi, lori moja, daraja limetengenezwa, dereva asizunguke. La tano, Chimala, mpunga, lori moja. La sita, tairi la gari letu la hapa, tulishaomba, na mume mwema hamwachi mkewe atembee kwa miguu. Nimemaliza. Ova."

Aliachia kitufe. Ofisi yote ilisikiliza ukwaruzaji wa hewa. Tupokigwe alikuwa hajawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mtu mzima bila kuitikiwa. Alijihisi kama aliyetembea gizani juu ya ubao, bila kujua kama ng'ambo ipo. Vipi kama yote yameanguka njiani?

Mtambo wa Iringa ulikwaruza, ukakohoa, ukatulia. Mara moja tu.

"Kidole cha kwanza, Uyole, viazi, mawili, leo. Cha pili, Uporoto, pareto, moja, turubai zima. Cha nne, Mbalizi, mahindi, moja, daraja zima. Cha tano, Chimala, mpunga, moja. Cha sita, tairi, mke mlalamishi. Kidole cha tatu kitupu. Uji ulikuwa wa moto. Ova."

"Ndiyo mimi!" Nkuba alipiga kelele. "Wamenimeza mimi!"

Tupokigwe hakurudia vidole vyote. Alirudia kile kimoja. "Cha tatu, Igurusi, mpunga wa Nkuba, malori matatu, paa linavuja. Ova."

"Nimeshika. Rafiki yangu Nkuba, ng'ombe hawajambo? Ova."

Bwana Gideoni alitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Mbeya ilikuwa imemaliza kila ilichokuwa nacho, na sehemu kubwa ya nusu saa ilikuwa bado imekaa pale, haina kazi. Hakujua afanye nayo nini. Nkuba alijua, aliomba kipaza sauti, na safari hii akapewa.

Malori yalifika Igurusi kesho yake, mbele ya mvua. Wiki nzima ikaenda hivyo hivyo, na Ijumaa ya mwisho Mzee Kalinga alisoma kwa sauti ya kiofisi kuwa Meneja Mkuu ameridhika, mtambo unabaki Mbeya, na mtumaji wake anabaki nao. Akaongeza, bila kugeuza sauti, kuwa Meneja Mkuu anauliza Mbeya wametumia waya wa aina gani.

"Mwambie ni wa Benedicta," Tupokigwe alijibu. "Ova."

Alikaa na redio ile miaka mingine mingi. Aliolewa baadaye na mwalimu wa Iyunga, na siku ya harusi yake simu ya maandishi ilifika kutoka Iringa: mzee mmoja aliyestaafu anadai kwamba ameporwa mke na anataka afidiwe kwa viazi. Vilipelekwa, gunia zima.

Lakini kabla ya hayo yote, mwaka uleule, Tupokigwe alikwenda Tukuyu likizo, na Bwana Gideoni akakamata kipaza sauti mwenyewe. Alikuwa ameiona dawa ikifanya kazi na hakuona sababu ya kutoitumia. Alisafisha koo.

"Iringa, Iringa, hapa Mbeya. Shikamoo, babu. Ova."

Mtambo ulikohoa kwa muda mrefu.

"Gideoni," alisema Mzee Kalinga, "wewe una upara. Ova."

Bwana Gideoni alijipapasa kichwa, akavuta kiti karibu, na akaanza tena kwa unyenyekevu.

"Uyole, mzee. Ova."

"Ee. Ova."